Ada ya Kila Siku ni Mzigo wa Mnyonge

Mshahara wa mfanyakazi una tarehe yake, lakini njaa haina tarehe, wala ugonjwa, wala karo ya mtoto. Ndiyo sababu siku kumi za mwisho wa mwezi zimekuwa siku za kuhesabu senti tangu watu wetu walipoanza kuishi kwa mshahara. Mwenye duka huandika deni katika daftari, jirani humkopesha jirani kibaba cha unga, na fundi hungojea ujira wake mpaka mteja alipwe. Mambo hayo si aibu hata kidogo. Ni desturi ya watu wenye kipato kidogo, nao wameimudu kwa kuwa aliyekopesha na aliyekopa walijuana, na kesho yake walionana uso kwa uso.

Siku hizi amekuja mkopeshaji wa namna nyingine. Huyu haonekani dukani wala mlangoni, bali anakaa ndani ya akaunti ya benki na ndani ya simu ya mkononi. Mfanyakazi akitaka kulipa shilingi 1,000, naye anazo 600 tu, mashine humjazia zile 400 zilizopungua papo hapo, bila kumtaka mdhamini na bila karatasi. Kazi hiyo ya kumruhusu mteja kutumia zaidi ya fedha zilizomo katika akaunti yake, wenye benki huiita ovadrafti. Ni msaada wa haraka, na mwenye shida hushukuru. Lakini kila msaada wa namna hiyo una bei, na bei yake ndiyo inayotufanya tuandike leo.

Twapenda kueleweka vizuri tangu mwanzo. Hatupingi mkopo, wala hatuwachukii wenye mabenki kwa kuwa ni wenye mabenki. Aliyekopa hana budi kulipa, na aliyekopesha anastahili ujira wa haki. Tunalolipinga ni jambo moja, nalo ni ile ada ya kima kimoja ambayo mkopaji hutozwa kila siku au kila mara anapopungukiwa, bila kupimwa kwa ukubwa wa deni lake. Ada hiyo, hata ikiwa ndogo machoni, humwangukia mwenye deni dogo kwa uzito mkubwa kuliko mwenye deni kubwa. Maana yake ni kwamba maskini humlipia tajiri gharama za benki. Wanachama na wafanyakazi yawapasa kuijua hesabu hiyo, kwani mtu hawezi kudai haki asiyoijua.

Ovadrafti haikuanza kwa ajili ya mtu wa mshahara mdogo. Mwaka 1728, katika mji wa Edinburgh, Royal Bank of Scotland ilimruhusu mfanyabiashara mmoja, William Hog, kuchukua hadi pauni 1,000 zaidi ya fedha alizokuwa nazo katika benki hiyo. Shida yake ilikuwa shida ya kila mfanyabiashara: alipaswa kulipia bidhaa leo, na wanunuzi wake wangemlipa baadaye. Benki ikamvusha katika nafasi hiyo ya katikati. Mtu kama huyo alikuwa na mali itakayouzwa na faida itakayopatikana, na katika faida hiyo aliweza kuilipa benki bila kupunguza chakula cha watoto wake. Kwa muda mrefu ovadrafti ilibaki kuwa kitu cha watu wa aina hiyo. Mfanyakazi wa bandarini au karani wa chini hakuifikiria, wala benki haikumfikiria yeye.

Simu ya mkononi ndiyo iliyoleta ovadrafti kwa kila mtu, na mfano ulio karibu nasi ni wa jirani zetu wa Kenya. Mwezi wa Januari 2019, kampuni ya Safaricom, ikishirikiana na benki ya KCB na Commercial Bank of Africa, ambayo baadaye mwaka huohuo iliungana na benki nyingine ikawa NCBA, ilianzisha huduma iitwayo Fuliza kwa wateja wa M-Pesa. Jina lenyewe ni Kiswahili safi: kufuliza ni kuendelea bila kukoma. Mteja aliyepungukiwa aliweza kuendelea na malipo yake, na deni lake likalipwa lenyewe mara fedha zozote zilipoingia katika simu yake.

Ada zilipangwa hivi. Kwanza, kila aliyechukua fedha alitozwa asilimia 1 ya alichochukua. Pili, kila siku deni lilipokuwa halijalipwa, alitozwa ada ya siku. Aliyekuwa na deni la zaidi ya shilingi 100 za Kenya hadi 500 alitozwa shilingi 5 kwa siku. Deni la zaidi ya 500 hadi 1,000 lilitozwa shilingi 10. La zaidi ya 1,000 hadi 1,500 shilingi 20. La zaidi ya 1,500 hadi 2,500 shilingi 25. Na kuanzia hapo mpaka upeo wa shilingi 70,000, ada ilikuwa shilingi 30 tu kwa siku. Kodi ya serikali haimo katika hesabu hii.

Shilingi 5 kwa siku zamfanya mtu acheke. Hata kikombe cha chai hazinunui. Lakini wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na hapa gogo ni mshahara wa mtu. Tuchukue mfanyakazi aliyekopa shilingi 500 akakaa nazo siku 30. Alitozwa shilingi 5 za kuanzia, kisha shilingi 5 mara 30, yaani 150. Jumla ni shilingi 155 juu ya deni la 500, ambayo ni asilimia 31 kwa mwezi mmoja. Aliyekopa shilingi 1,500 kwa muda huohuo alitozwa 15 za kuanzia na 600 za kila siku, jumla 615. Hiyo ni asilimia 41 kwa mwezi mmoja.

Sasa tumtazame yule aliyeruhusiwa kukopa shilingi 70,000. Alitozwa 700 za kuanzia na shilingi 900 kwa siku 30, jumla 1,600. Kwa deni la 70,000, hiyo ni asilimia 2 na kitu. Huduma ilikuwa moja, mashine ni ileile na mwezi ni uleule. Lakini kwa kila shilingi aliyokopa, mtu wa shilingi 500 alilipa zaidi ya mara 13 ya alicholipa mtu wa shilingi 70,000. Na nani aliyepewa upeo wa 70,000? Ni yule ambaye fedha nyingi hupita katika simu yake. Kibarua hakupewa upeo huo. Kwa hiyo ngazi ile ya ada, iliyoandikwa kwa tarakimu ndogo ndogo zisizotisha, ilikuwa imeegemezwa mabegani mwa wanyonge.

Wananchi wa Kenya walilalamika, na kilio chao kilisikika. Mwishoni mwa Septemba 2022, Rais William Ruto pamoja na wakuu wa Safaricom, KCB na NCBA walitangaza kupunguzwa kwa ada hizo. Madeni yasiyozidi shilingi 1,000 yaliondolewa ada ya kila siku kwa siku 3 za kwanza, na baada ya hapo ada yake ikapungua kwa nusu. Hilo lilikuwa jambo jema, nasi twalisifu. Lakini tusisahau kwamba nusu ya mzigo mzito bado ni mzigo. Aliyeshindwa kulipa ndani ya siku 3 akakaa mwezi mzima bado alitozwa karibu asilimia 15 ya deni lake. Aidha, kima kilipunguzwa lakini mtindo haukubadilishwa: ada ya siku ilibaki kupangwa kwa ngazi, na mwenye deni kubwa kabisa akaendelea kulipa ada ndogo mno kwa kila shilingi aliyokopa.

Tutaambiwa na mabwana wa mabenki kwamba mkopo mdogo una gharama kubwa, kwa sababu kazi ya kuandika deni la shilingi 500 ni sawa na kazi ya kuandika deni la shilingi 70,000. Tutaambiwa pia kwamba mdaiwa mdogo hana dhamana, na kwamba wako wanaokopa wakatoweka. Katika hoja hizi mna ukweli, na si haki kuzikejeli. Hata hivyo hazitoshi. Kazi ya kuandika deni hufanywa na mashine mara moja tu, siku ya kukopa, na kwa kazi hiyo mkopaji amekwisha kulipa ile asilimia ya kuanzia. Siku ya pili, ya tatu na ya ishirini mashine haiandiki mkopo mpya. Tena mkopeshaji ameshika ufunguo wa mlango ambao fedha za mdaiwa huingilia, naye hujilipa wa kwanza. Mwenye duka hana ulinzi kama huo. Akiwa yeye aliye gizani aweza kumkopesha jirani bila kumtoza theluthi ya deni kwa mwezi, mwenye mashine inayoona kila senti aweza vilevile.

Wako pia watakaosema kwamba ada ya kima kimoja ni jambo la biashara lisiloweza kubadilishwa na sheria. Uingereza imekwisha kuonyesha kwamba laweza. Mamlaka inayosimamia mwenendo wa mabenki nchini humo ilichunguza biashara ya ovadrafti, ikakuta kwamba katika mwaka 2017 mabenki yalipata zaidi ya pauni bilioni 2.4 kutokana na biashara hiyo. Ikakuta pia kwamba zaidi ya nusu ya ada za wale waliopitiliza bila mapatano na benki zilitoka kwa asilimia 1.5 tu ya wateja. Yaani kundi dogo la watu waliobanwa kila mwezi ndilo lililobeba mzigo. Mamlaka ikaamuru mwaka 2019, na amri ikaanza Aprili 2020, kwamba ada za kima kimoja za kila siku na kila mwezi zikomeshwe. Badala yake benki itoze riba moja kwa mwaka, itangazwe wazi, na asiyepatana na benki asitozwe zaidi ya aliyepatana nayo.

Matokeo yake hayakuwa asali tupu. Mabenki mengi ya Uingereza yalipandisha riba ya ovadrafti hadi karibu asilimia 40 kwa mwaka, na wateja waliozoea riba nafuu wakanung'unika. Lakini tupige hesabu. Riba ya asilimia 40 kwa mwaka, juu ya deni la shilingi 500 kwa mwezi mmoja, ni kama shilingi 17. Tumekwisha kuona kwamba kwa ada ya kima kimoja mkopaji alilipa 155. Riba ambayo Mwingereza huiona kubwa ingekuwa nafuu kubwa kwa kibarua wa Nairobi wa mwaka 2019. Tena mtu huweza kuilinganisha na riba ya benki nyingine, jambo ambalo ni gumu kulifanya kwa shilingi 5 za kila siku.

Marekani inatufundisha somo la pili, nalo ni chungu. Mwaka 2014 ofisi ya serikali ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha ilieleza kwamba wateja wengi waliopitiliza kwa kadi za benki walifanya hivyo kwa malipo yasiyozidi dola 24, na wengi walirudisha fedha katika siku 3. Ada ya kawaida ilikuwa dola 34. Mtu alikopa dola 24 kwa siku 3, akalipa ada inayozidi mkopo wenyewe! Baada ya miaka kumi ya mabishano, Desemba 2024 ofisi hiyo ilitoa kanuni iliyoyapa mabenki makubwa njia ya kutoza dola 5 tu. Kanuni hiyo haikupata nafasi ya kuanza. Mwaka 2025 Bunge la nchi hiyo liliifuta, na Rais akatia sahihi. Tujifunze hapo kwamba haki ya mnyonge iliyoandikwa bila wenyewe kujipanga na kuilinda hufutwa kwa kalamu ileile iliyoiandika.

Turudi sasa kwetu. Hapa Tanzania huduma za namna hii zipo. Wateja wa M-Pesa ya Vodacom wanayo ile iitwayo Songesha, na baadhi ya mabenki humruhusu mwajiriwa kuchukua sehemu ya mshahara wake kabla ya mwisho wa mwezi. Kila moja ina ada zake, na ni juu ya kila mwenye simu kuzisoma. Sisi hatutazamii kwamba huduma hizi zifungwe. Mama ambaye mtoto wake ana homa saa sita za usiku, na dawa ipo dukani, hatuwezi kumwambia angoje mshahara. Jambo tunalouliza ni kama shida yake ya usiku mmoja yapaswa kuwa chanzo cha mapato ya mwezi mzima kwa mtu mwingine.

Yako mambo ambayo sheria za kazi zilikwisha kuyaona zamani, na ambayo fedha za simu zimeyapita pembeni. Wabunge wa nchi zetu walitambua kwamba mshahara wa mtu si mali ya kugawanywa na kila mwenye kudai. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara isipokuwa kwa amri ya sheria au mahakama, au kwa ridhaa ya mfanyakazi, na watumishi wa umma wanaijua kanuni ya kubakiwa na theluthi moja. Nia ya sheria hizo ni kwamba mtu aliyefanya kazi asirudi nyumbani mikono mitupu.

Lakini mshahara ukishapita mlango wa mwajiri na kuingia katika simu yenye deni, ulinzi huo hauonekani tena. Mashine huchukua fedha zinazoingia mpaka deni liishe, bila kuuliza kama ni mshahara, ni mchango wa msiba, au ni fedha za karo alizotumiwa mtu na ndugu yake. Mtu huyo akikosa nauli ya kwenda kazini, hukopa tena palepale. Hivyo mwezi huu hula mwezi ujao, na mfanyakazi hugeuka kuwa mtu anayefanya kazi ili alipe ada. Wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Tofauti ya leo ni kwamba matanga yenyewe hayaishi.

Yafaa tukumbuke kwamba swali hili si geni katika Chama. Mwezi wa Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Hatua hiyo ilijibu swali moja kubwa: fedha za wananchi zilizowekwa benki zimtumikie nani? Nyakati zimebadilika. Sheria ya mwaka 1991 ilifungua mlango kwa mabenki ya watu binafsi, na leo wananchi wana mabenki mengi ya kuchagua. Hatusemi turudi nyuma. Twasema tu kwamba swali la mwaka 1967 halikufa kwa kubadilika kwa mwenye benki. Linaulizwa upya kila mara mfanyakazi anapobonyeza simu yake kukubali mkopo ambao bei yake hakuielewa.

Kwa hiyo twatoa mapendekezo matatu kwa wenye mamlaka. La kwanza, Serikali na Benki Kuu ziamuru kwamba gharama ya kila ovadrafti, ya benki au ya simu, itajwe kwa asilimia ya deni, na jumla ya shilingi atakazolipa mtu kwa siku 30 ionyeshwe kabla hajabonyeza kukubali, kwa Kiswahili kinachosomeka. La pili, ada ya kima kimoja ya kila siku ikomeshwe, itozwe riba kwa kadiri ya deni na kwa kadiri ya siku. La tatu, deni likilipwa kutoka katika fedha zinazoingia, sehemu yake isiguswe, kama ambavyo sehemu ya mshahara haiguswi kazini. Hatuombi fadhila katika hayo. Twaomba kanuni ambayo wabunge wamekwisha kuikubali kwa mwajiri itumike pia kwa mkopeshaji.

Vyama vya wafanyakazi navyo vina kazi. Kwa miaka mingi vimejadiliana na waajiri juu ya kiwango cha mshahara, na ni haki yake. Lakini nyongeza ya mshahara inayopotelea katika ada ni maji ndani ya pakacha. Tunawataka viongozi wa matawi waulize waajiri kama mshahara waweza kulipwa mara mbili kwa mwezi kwa wale wanaopenda, na kama tarehe ya kulipa yaweza kutajwa na kushikwa. Mshahara unaochelewa siku 5 humsukuma mfanyakazi kwenye ovadrafti, na ada ya siku hizo 5 huilipa yeye, wala si mwajiri aliyechelewa.

Na mfanyakazi mwenyewe? Yatupasa kusema naye wazi, maana kumhurumia mtu bila kumwambia ukweli ni kumdharau. Ajue tarehe ambazo akaunti yake hukatwa fedha, na aombe benki izihamishe zije baada ya siku ya mshahara.  Ikiwa haihitaji ovadrafti, aombe ifungwe, ili mashine imkatalie malipo badala ya kumkopesha asichokiomba. Akilazimika kukopa, akope kiasi cha shida iliyopo, wala si mpaka mwisho wa upeo aliopewa. Upeo si fedha yake. Kama kuna siku zisizotozwa ada, alipe ndani ya siku hizo hata ikibidi kuacha jambo jingine. Na akitozwa asivyopaswa, asinyamaze: apeleke lalamiko lake kwa maandishi kwenye tawi la benki, na asiporidhika alifikishe Benki Kuu.

Tena asikimbie mvua akaangukia mtoni. Wako wakopeshaji wa vichochoroni ambao watu wetu wamewapa jina linalowafaa la kausha damu, na wako wenzao walio ndani ya simu. Mwezi wa Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Mtu anayelipa ada ya benki kwa fedha za mkopeshaji asiye na leseni ameacha deni analolijua na kuchukua deni asilolijua.

Dawa iliyo ya kudumu hata hivyo haimo mikononi mwa mtu mmoja mmoja, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Imo katika ushirika. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, kwa kuwa kila mmoja peke yake alikuwa mnyonge mbele ya mnunuzi. Mfanyakazi peke yake ni mnyonge vilevile mbele ya mashine ya benki. Tuchukue mfano wa karakana yenye watu 20. Kila mmoja akiweka shilingi 5,000 kwa mwezi, mfuko wao una shilingi 100,000 katika mwezi wa kwanza, na katika miezi 12 umefika 1,200,000. Mwenzao akipungukiwa shilingi 50,000 kabla ya mwisho wa mwezi, hukopa humo kwa asilimia 1, akalipa shilingi 500, na shilingi hizo 500 hazitoki nje: hubaki katika mfuko ulio wake na wa wenzake.

Tunajua pia kwamba viko vyama vya akiba na mikopo vilivyoharibika kwa sababu ya viongozi walioufanya mfuko kuwa wao. Kwa hiyo twasisitiza kwamba mfuko uandikishwe kwa mujibu wa sheria, hesabu zisomwe mbele ya wanachama wote kila mwezi, na kiongozi asipewe mkopo kwa mlango wa nyuma. Mfuko usiosomewa hesabu ni sawa na ovadrafti iliyogeuzwa: wengi huweka, wachache huchukua. Penye uaminifu, wafanyakazi wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa fedha zao wenyewe, bila kumpigia mtu magoti.

Ndugu wanachama, ada ya shilingi chache kwa siku haitapigiwa kelele mabarabarani, na wala haitaandikwa kwa wino mwekundu katika bajeti ya taifa. Hula kimya, katika nyumba moja moja, tarehe ishirini na kitu za kila mwezi. Ndiyo sababu twawaomba mfanye jambo moja wiki hii. Kila tawi lichukue ada za mkopo mmoja ambao wanachama wake wanautumia, lipige hesabu ya siku 30 mbele ya mkutano, na liandike jibu ubaoni kwa asilimia. Nakala ya jibu hilo ipelekwe kwa mbunge wa mahali hapo pamoja na mapendekezo matatu tuliyoyataja. Wakubwa wakiulizwa swali hilo na matawi mengi kwa wakati mmoja, hawatasema tena kwamba shilingi 5 ni fedha ndogo.